Kuskani na kuchapa historia ya chama kidogo: huduma za Mwanza zinafika wapi

Anayekusanya historia ya UDP (United Democratic Party), chama cha John Momose Cheyo ambacho ngome yake ilikuwa Bariadi, haanzii maktaba. Anaanzia kwenye sanduku la bati la mtu aliyewahi kuwa katibu wa tawi. Humo mna vipeperushi vya kudurufu, vipande vya magazeti, karatasi za faksi zilizopauka, kaseti za mikutano ya hadhara, picha za pasipoti na daftari la wanachama lenye kurasa zilizogandana. Mzigo wa namna hiyo ukitoka Bariadi, Lamadi au Magu, mji wa karibu wenye mashine za kila aina ni Mwanza, na swali la wengi ni lile lile: niupeleke wapi, na nisimamie nini?

Tunazitathmini hapa stesheneri za katikati ya jiji na za karibu na vyuo upande wa Nyegezi na Malimbe, mafundi wanaohamisha kaseti, na wachapaji wadogo wa vitabu. Hatutaji maduka kwa majina, kwa kuwa ubora unategemea mashine iliyopo na mhudumu uliyemkuta kuliko ubao wa nje. Kuskani karatasi kunafanyika vizuri Mwanza, mradi mwenye mzigo asimame pembeni ya mashine mwanzo hadi mwisho. Upangaji wa kurasa ni mzuri kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye maduka yaliyozoea tasnifu za wanafunzi. Uchapaji unaridhisha. Kaseti ndipo penye udhaifu mkubwa. Laminesheni, ambayo karibu kila duka litakupendekezea, ikataeni kabisa.

Sanduku lisiende dukani zima zima. Lifunguliwe nyumbani, karatasi zitengwe: ngumu zenye afya, dhaifu zinazovunjika, picha, na vitu vilivyojalidiwa. Pini za stepo zitolewe zote. Unyevu wa huku ziwani huzipa kutu, na kutu hula karatasi kuizunguka pini. Ukivuta kwa kucha unaondoka na kipande cha karatasi. Ingiza ukanda mwembamba wa plastiki chini ya pini, upande wenye miguu, uikunjue miguu kwa kisu kisicho na makali, kisha geuza uisukume itoke. Baada ya hapo andika namba nyuma ya kila karatasi, pembeni chini, kwa penseli laini. Kalamu ya wino isitumike, wino wake utapenya na kuonekana upande wa mbele kwenye skani.

Mashine kubwa za kopi zina njia mbili: ya juu, inayomeza karatasi zenyewe, na ya kioo. Mhudumu atataka kupitisha juu kwa sababu ndiyo ya haraka. Karatasi za kudurufu za miaka ya 1990 zina nyuzi nyingi na kingo zilizolika. Roli zikishika kona moja tu, karatasi inakunjika na kuchanika katikati. Hasara ya pili haionekani mapema: njia ya juu husoma karatasi kupitia kioo chembamba kama ukanda, na tone dogo la wino au vumbi likikaa hapo, kila ukurasa unatoka na mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Tumeona mafaili mazima yenye mstari huo, karatasi zenyewe zikiwa zimesharudi kijijini. Kwa hiyo sema mapema: "Dada, naomba zote uziweke kwenye kioo, moja moja, usipitishe juu." Atakujibu kuwa itachukua muda, na ni kweli. Nenda asubuhi, na epuka siku ambazo nafasi za ajira zimetangazwa au maombi ya mikopo ya elimu ya juu yako wazi, maana foleni ya vyeti hufika barabarani na hakuna atakayekupa mashine kwa saa mbili.

Mipangilio iliyomo kwenye mashine nyingi ni nyeusi na nyeupe, DPI 200 (yaani nukta 200 kwa inchi), PDF iliyobanwa. Hiyo inatosha kutuma cheti kwa barua pepe, lakini kwa kumbukumbu haifai. Omba rangi, DPI 300, faili moja kwa kila upande wa karatasi. Rangi inahitajika hata pale karatasi inapoonekana nyeusi tupu, kwa sababu muhuri wa tawi ni wa zambarau na maneno ya pembeni ni ya kalamu ya bluu. Kwenye nyeusi na nyeupe vyote vinageuka doa moja, na herufi za stensili zilizofifia zinapotea kabisa. Ukurasa wa A4 kwa DPI 300 unatoa pikseli 2,480 kwa 3,508, na bila kubanwa unafikia MB 26 hivi. Mhudumu akisema faili ni kubwa mno, mkubaliane JPEG ya ubora wa juu, ambayo hushuka hadi MB chache bila herufi kuingia ukungu. Na mgongo wa karatasi usisahaulike. Kwenye vipeperushi vya tawi, nyuma ndiko walikoandika nani alihudhuria na nani alichangia mafuta ya gari.

Magazeti yana tabu yake. Ukurasa wa gazeti la kawaida la Kiswahili ni mkubwa kuliko A4 na unakaribia A3. Duka lenye kioo cha A4 pekee litaskani nusu mbili, na kinachopotea mara nyingi ni kile kipande cha juu chenye jina la gazeti na tarehe. Uliza kwanza kama kioo chao ni cha A3. Kwa vipande vilivyokwisha kukatwa bila tarehe, skani na upande wa nyuma hata kama ni tangazo la sabuni: ratiba ya ligi, tangazo la mnada au tarehe ya kufunga zabuni inaweza kukupa wiki yenyewe.

Karatasi za faksi ziskaniwe siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Nyingi zilichapwa kwa joto, wala hazina wino; maandishi yake hufifia kila mwaka. Hapa ndipo laminesheni inapoleta maafa. Mashine hiyo hufanya kazi kwa joto linalozidi nyuzi 100, na karatasi ya faksi ikipita humo inatoka nyeusi yote. Karatasi ya kawaida haiungui, ila inabaki imegandishwa na plastiki, haitolewi tena, na unyevu uliokuwamo unaendelea kuila kwa ndani. Gharama ya laminesheni ya karatasi chache inatosha kununua bahasha nyeupe za kuhifadhia kila moja peke yake, na hizo ndizo zenye faida.

Mafaili yapewe majina pale pale dukani. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi, na kwa chama kama UDP lina madhara makubwa kwa sababu tarehe zake zinafanana kwa namna ya kupoteza mtu. Sheria ya Vyama vya Siasa Na. 5 ya 1992 iliruhusu vyama vingi kuanzia Julai 1, 1992, na usajili ukawa wa hatua mbili. Wa muda ulidumu siku 180. Wa kudumu haukutolewa mpaka chama kionyeshe wanachama wasiopungua 200 wenye sifa ya kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati ya hiyo ikiwa Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. CUF, CHADEMA na NCCR-Mageuzi walipata usajili wa kudumu Januari 1993. UDP waliupata Machi 1994. Barua zote za hatua hizo zinasema "usajili". Mhudumu akizihifadhi kwa jina "usajili", ya pili inaifuta ya kwanza, na mwandishi anabaki na tarehe moja anayodhani ndiyo ya kuzaliwa kwa chama.

Vipeperushi vya urais ni vigumu zaidi. Cheyo, ambaye wengi walimjua kama Bwana Mapesa, aligombea 1995 na 2000, na uchaguzi wa mara zote mbili ulikuwa Oktoba 29, na zote mbili ilikuwa Jumapili. Kipeperushi kinachosema "Jumapili Oktoba 29" bila mwaka hakiwezi kuwekwa mahali pake kwa tarehe pekee. Angalia wapinzani waliotajwa. Wagombea walikuwa wale wale wanne mara zote mbili, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, lakini Augustine Mrema alikuwa NCCR-Mageuzi mwaka 1995 na TLP mwaka 2000. Ukikuta Mrema wa NCCR, hicho ni cha kwanza. Mrema wa TLP, ni cha pili. Asipotajwa, andika "1995 au 2000" kwenye jina la faili na uache hivyo. Kubahatisha kukishaingia kitabuni hakutoki.

Jiografia nayo ibaki ya wakati ule. Bariadi ilikuwa Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012. Busega, iliyoko Simiyu leo, ilikatwa kutoka Magu, yaani Mkoa wa Mwanza. Lagangabilili, iliyoko Itilima leo, ilihesabiwa Bariadi. Anayepanga mafolda kwa mikoa ya leo atatafuta barua ya Shinyanga kwenye folda ya Simiyu asiipate. Jina zuri la faili linakwenda hivi: mwaka na mwezi, aina ya kitu, mahali kama palivyoandikwa, namba ya penseli, mbele au nyuma. Kwa mfano: 1995-10_kipeperushi_Bariadi-Shinyanga_014_mbele. Mwaka ukitangulia, kompyuta yenyewe inakupangia mfululizo.

Daftari la wanachama lisiskaniwe kwenye mashine ya duka. Kwa masharti ya usajili, chama chochote kilichopita hatua ya pili kilikusanya majina 2,000 kwa uchache, na kwenye masanduku ya wilayani kuna sehemu ya orodha hizo, zenye kijiji na saini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu itikadi za kisiasa kuwa taarifa nyeti. Hata bila sheria, mtu aliyechukua kadi ya upinzani kijijini mwaka 1994 hakukubali jina lake likae kwenye kompyuta ya stesheneri mjini. Tumia skana ndogo ya nyumbani au simu kwenye mwanga wa dirishani. Kwa mafaili mengine, kabla ya kulipa mwombe mhudumu afute folda lako mbele yako na amwage pipa la taka la kompyuta. Maduka mengi hufanya bila ubishi ukiwaomba kwa adabu. Fleshi yako uipitishe kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi kabla ya kuifungua kwingine. Kompyuta za stesheneri hupokea fleshi za mji mzima.

Bei hupatanwa. Uliza kama wanahesabu kwa karatasi au kwa ukurasa, maana mbele na nyuma ni kurasa mbili na ugomvi mwingi wa mwisho unatokana na hapo. Kuskani kwenye kioo hutozwa zaidi ya kupitisha juu, na ni haki, kwa sababu unamkalia mtu mashine.

Kwenye kaseti hatuwezi kusifu. Mafundi wenye dekki nzima wamebaki wachache, na wengi wao wamezoea kuhamisha muziki. Njia yao ni waya kutoka tundu la hedifoni kwenda tundu la maikrofoni la laptopu. Tundu la maikrofoni hukuza sauti kupita kiasi. Hotuba ya mkutano wa hadhara, ambayo tayari ilipigwa kwenye spika za juu ya gari, inatoka imepasuka. Kisha wanaisafisha kwa programu ya kuondoa kelele na kuitoa kama MP3 ndogo. Usafishaji huo unaondoa sauti za watu wanaoitikia kwa Kisukuma kwa mbali, na mara nyingi ndizo zinazoonyesha mkutano ulipokelewaje.

Ukipata fundi anayesikiliza, mpe masharti haya. Asafishe hedi kwa spirit na pamba kabla ya kila kaseti. Aangalie kipande kidogo cha sponji kinachokandamiza utepe kwenye hedi. Kikidondoka, sauti inakuwa nzito na ya kuja na kuondoka, na dawa ni kuhamishia utepe kwenye gamba jingine la kaseti. Magamba yenye skrubu tano hufunguka kirahisi. Yaliyogandishwa hayafunguki bila kuvunjwa, na fundi asiyewahi kulifanya asijaribie kwenye hotuba pekee iliyopo. Arekodi kwa kifaa cha nje cha USB au tundu la laini, WAV, hezi 44,100, biti 16. Saa moja ya namna hiyo ni MB 600 na ushee. C-90 nzima, yaani kaseti ya dakika 90, inakaribia GB 1, hivyo fleshi ya GB 32 inabeba kaseti kama 30. Uhamishaji ni wa muda halisi: C-60 ni saa nzima, pande zote mbili. Fundi anayekurudishia kaseti kumi baada ya saa mbili ameharakisha utepe au hakufika mwisho. Sikiliza dakika za mwisho za kila upande kabla ya kulipa.

Tukirudi kwenye maandishi, wapangaji wa kurasa wa karibu na vyuo wanafanya kazi nzuri. Wanajua yaliyomo yajipange yenyewe, namba za kurasa zianze baada ya dibaji, na vielelezo viwe na maelezo chini. Kinachowashinda ni majina. Lagangabilili inageuka "Lagangabirili", na majina ya Kisukuma yenye ng' yanapoteza ile alama ya juu au kupewa alama iliyogeuka. Mpe mpangaji orodha ya majina yote ya watu na mahali, yaliyoandikwa sawasawa, kabla hajaanza kuchapa. Faili likikamilika lisiende kwa mchapaji likiwa la Word. Kompyuta isiyo na fonti ile ile itasogeza mistari, na maelezo ya picha yatahamia ukurasa mwingine. Lipeleke PDF yenye fonti ndani.

Takwimu nazo zikaguliwe hapo, kwa sababu ndipo zinapokosewa. Cheyo alipata kura 258,734 mwaka 1995, asilimia 3.97, na 342,891 mwaka 2000, asilimia 4.20, na mara zote alishika nafasi ya nne. Ubunge wa 1995 huandikwa mara "viti 3", mara "viti 4", na mpangaji makini atakuuliza kipi ni sahihi. Vyote ni sahihi: majimbo 3 na kiti 1 cha wanawake. Mwaka 2005 na 2010 UDP ilibaki na jimbo moja, Bariadi Mashariki, la Cheyo mwenyewe, ambaye katika miaka hiyo aliongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Kwa maoni yetu kijitabu cha UDP kisichotenga kurasa kwa kamati hiyo kimeacha sehemu nono. Chama chenye mbunge mmoja wa jimbo kilishika kiti cha kukagua hesabu za serikali nzima, na ripoti zake ziko wazi kwa msomaji yeyote.

Picha za pasipoti ziskaniwe kwa DPI 1,200. Picha ya upana wa milimita 35 ikiskaniwa kwa 300 inatoa pikseli 413 tu. Ukiipanua iwe sentimita 10 kitabuni inabaki na nukta 105 kwa inchi na sura inakuwa vitone. Picha iliyochapwa gazetini ina vitone vyake tayari, na vikikutana na vya mchapaji vinaleta mawimbi usoni. Iskani kwa 600, ilainishwe kidogo, ichapwe kwa ukubwa wake wa asili.

Kwa kijitabu, ukubwa wa A5 ndio nafuu. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa 4, kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa 4: kurasa 64 ni karatasi 16. Kwa karatasi ya gramu 80, hadi hapo pini mbili za katikati zinashika vizuri. Zaidi ya hapo kurasa za ndani zinachomoza mbele ya kava, na zikikatwa kusawazishwa maandishi ya pembeni yanapungua, hivyo omba gundi ya mgongo na uache nafasi ya milimita 20 upande wa ndani. Spairo, ambayo stesheneri hupenda kuipendekeza, haina mgongo wa kuandika jina, na rafuni kitabu hakionekani. Kwa nakala chache, za makumi au mia moja hivi, mashine ya kidijitali inatosha. Ofseti, uchapaji wa kutumia pleti (bamba la kuchapia), inaanza kulipa pale gharama ya pleti inapogawanywa kwa nakala nyingi. Namba ya ISBN iombwe mapema Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa kuwa inapaswa kuwa ndani ya kitabu kabla hakijachapwa.

Usikubali kazi yote ichapwe kabla ya nakala moja ya majaribio, iliyokunjwa na kupigwa pini kama itakavyokuwa. Ifungue katikati uone kama maneno hayamezwi na mkunjo. Fuata namba za kurasa kwa kidole kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwani mashine zinazochapa pande mbili hugeuza karatasi vibaya na ukurasa wa 6 ukatoka miguu juu. Soma maelezo ya kila picha ukiwa na ile orodha ya majina mkononi. Halafu saini kwenye kava ya nakala hiyo, mchapaji naye asaini, ibaki kwake mpaka mzigo utoke. Nakala zikitoka tofauti na iliyosainiwa, anachapa upya kwa gharama yake, na wachapaji tuliowapima walikubali sharti hilo lilipowekwa kabla ya malipo ya awali.